Shule ni ya Nani?

Ukimwuliza mwanafunzi wa Likoni, au wa Kisauni, au wa Changamwe, "Shule yenu ni ya nani?" atakujibu upesi kwamba ni ya serikali. Mwingine atakumbuka maandishi yaliyo juu ya lango, akuambie kuwa ni ya kanisa fulani au ya jamaa wa msikiti fulani. Na yule aliyerudishwa nyumbani jana kwa kukosa fedha za chakula atakuambia, kwa uchungu kidogo, kuwa ni ya mwalimu mkuu. Kila jibu katika hayo lina sehemu ya ukweli, wala hakuna hata moja lililo kamili. Msomaji kijana, nataka tulitafute jibu hilo pamoja, nasi tutalitafuta katika historia, kwa sababu watu wa bara ya Mombasa wamekuwa wakiliuliza swali hili kwa zaidi ya miaka mia na arobaini, na mara nyingi waliojibu kwa niaba yao ni watu wengine.

Kwanza tuujue mji wetu. Mtu wa mbali akisikia jina la Mombasa hudhani ni kisiwa tu, chenye Ngome ya Yesu na mitaa ya Mji wa Kale. Lakini wakazi wengi wa Mombasa hawalali kisiwani. Katika maeneo sita ya bunge yaliyomo katika kaunti hii, moja tu, yaani Mvita, ndilo la kisiwani. Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali yote ni ya bara. Huko ndiko wanakoishi wengi wa wafanya kazi wa bandari na wa viwanda, na huko ndiko wanakosoma watoto wao. Likoni huvukwa kwa feri. Changamwe hufikiwa kwa njia ya Makupa. Na Kisauni kwa daraja la Nyali, ambalo la kwanza, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la sasa mwaka 1980. Shikilia habari hii ya vivuko akilini mwako, maana tutairudia.

Kabla ya kuja shule za namna tunazozijua leo, palikuwa na vyuo vya Kurani. Mzazi alimshika mtoto wake mkono, akamfikisha kwa mwalimu, akatoa ada yake, na wawili hao wakaelewana uso kwa uso. Mwalimu alikuwa jirani. Aliswali msikiti mmoja na baba wa mtoto, na mke wake aliteka maji kisima kimoja na mama wa mtoto. Ikiwa palizuka neno, lilizungumzwa barazani baada ya swala, likaisha. Hapakuwa na bodi wala kamati, wala hapakuandikwa kumbukumbu; lakini mzazi hakuwa na shaka yoyote juu ya chuo kile kuwa ni chao.

Shule ya namna nyingine ilikuja bara ya kaskazini katika karne ya 19. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya mashauri marefu na mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na watu waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Ndipo Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza, lililojulikana kwa herufi CMS, lilipomtuma W. S. Price, aliyefika Mombasa mwaka 1874, akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na kijiji kikaanzishwa hapo. Kwa heshima ya yule mjumbe kikaitwa Freretown. Kengele yake, iliyolizwa kuwaonya watu wakati wa hatari, ndiyo iliyopaachia mahali pale jina la Kengeleni hata leo.

Freretown palikuwa na kanisa, mashamba, karakana na shule. Watoto waliotolewa katika matumbo ya majahazi walifundishwa kusoma na kuandika, na wengine wakawa makarani, mafundi, walimu na wachungaji. Miongoni mwa waliowafundisha walikuwamo Waafrika waliokuwa wameokolewa zamani na kulelewa Nasik, karibu na Bombay, nchini India. Wawili wao, Ishmael Semler na William Henry Jones, walipewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Na mtoto wa jamii hiyo hiyo ya Freretown, mwalimu James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Kwa hiyo tusiseme kwamba shule ile haikuzaa matunda.

Lakini sasa tuulize swali letu: shule ya Freretown ilikuwa ya nani? Wakazi waliilimia, waliijengea na kuijaza watoto wao; ila amri ilitoka kwa msimamizi Mzungu, na msimamizi naye alipokea amri kutoka kwa kamati iliyokutana London, umbali wa majuma mengi kwa meli. Watu wale walikuwa huru, na shauri la shule yao lilikatwa na watu wasiopata kuwaona. Mapema katika miaka ya 1880 malalamiko juu ya adhabu kali za viboko kijijini yalifika hata Uingereza, na msimamizi wa wakati huo akaondolewa. Tazama jambo hili vizuri: malalamiko yalilazimika kuvuka bahari ndipo yasikiwe, kwa kuwa pale kijijini hapakuwa na meza ambayo mlalamikaji angeweza kuketi.

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Idara ya Elimu mwaka 1911, ilizigawa shule kwa rangi na asili za watu: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Mwaka 1934 zikaundwa Bodi za Elimu za Wilaya ili kusimamia shule za Waafrika. Katika bodi hizo walikaa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, pamoja na wajumbe wa misheni na wajumbe wa mabaraza ya wenyeji. Hiyo ilikuwa hatua, maana Mwafrika sasa aliingia chumbani. Hata hivyo kuingia chumbani si sawa na kushika kalamu. Kiasi cha fedha, mafunzo yatakayofundishwa, na idadi ya watoto watakaopanda darasa la juu, hayo yote yalikwisha kuamuliwa kwingine kabla ya mjumbe kuvaa kanzu yake kwenda mkutanoni.

Usidhani kwamba taabu hii ilikuwa ya kwetu peke yetu. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1870 ilipounda bodi za shule za kuchaguliwa na watu, wanawake waliruhusiwa kugombea. Mwaka huo huo Elizabeth Garrett na Emily Davies walichaguliwa kuingia katika bodi ya London, na hali wanawake wa nchi ile hawakupata kura ya bunge mpaka mwaka 1918. Huko Marekani, katika mji wa Topeka, wazazi 13 weusi waliishtaki bodi ya elimu ya mji wao kwa kuwatenga watoto wao na watoto wa Wazungu. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Basi meza ya bodi ya shule yaweza kuwa mlango wa kuingilia, na yaweza kuwa komeo la kufungia. Hutegemea ni nani aliyeketi hapo.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, moja katika kazi za kwanza ilikuwa kuvunja komeo hilo. Tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964, ilipendekeza kwamba ubaguzi wa rangi uondolewe katika shule. Mwaka 1967 ikaundwa tume moja ya kuwaajiri walimu wote wa shule za umma, na mwaka 1968 ikatungwa Sheria ya Elimu. Kwa sheria hiyo shule za msingi ziliwekewa kamati, na shule za sekondari zikawekewa bodi za magavana. Makanisa na jumuiya za dini, ambazo zamani zilikuwa zikizimiliki shule nyingi, zilibaki kuwa wafadhili: zilikuwa na kiti mezani, lakini meza haikuwa yao tena.

Ndipo ulipoanza wakati wa Harambee. Katika mitaa ya bara wazazi walichanga fedha, wakabeba mawe, wakafyatua matofali na kuezeka paa. Mwaka 1974 ada za shule za msingi zilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, lakini mahali pengi mchango wa majengo ulizuka badala yake, mara nyingine ukiwa mkubwa kuliko ada yenyewe. Mzazi aliyelipa mchango huo alilalamika, naam. Walakini alikuja mkutanoni, maana fedha yake ilikuwa imo ndani ya ukuta ule, naye alitaka kuuona ukipanda.

Mwezi wa Januari 2003 serikali ilifuta tena ada za shule zote za msingi za umma. Watoto waliokuwa shuleni nchini, ambao mwaka 2002 walikuwa kama milioni 5.9, walifika kama milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Kila mtoto alipangiwa shilingi 1,020 kwa mwaka: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na shilingi 370 za matengenezo na matumizi mengine. Jambo hilo lilikuwa neema kubwa, wala mimi si mtu wa kulibeza. Watoto wa wachuuzi na wa makuli waliokuwa wakizurura ufukoni waliingia darasani. Ila pamoja na neema likaja kosa la mawazo. Wazazi wengi walisema, "Sasa shule ni ya serikali, mimi nina kazi gani huko?" Mikutano ikapungua watu. Wazazi wakadhani kuwa kwa kuacha kulipa wameacha pia kumiliki.

Katiba ya mwaka 2010 ilisema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikapanga upya meza yetu. Kila shule ya umma iliwekewa Bodi ya Usimamizi. Wajumbe sita huchaguliwa kuwawakilisha wazazi. Mmoja huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mmoja huchaguliwa na walimu. Watatu hutoka kwa mfadhili. Mmoja huwakilisha makundi maalumu katika jamii, na mmoja watu wenye mahitaji maalumu. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Ukihesabu utaona kwamba hakuna kundi lililopewa viti vingi kuliko wazazi. Wale waliolima Freretown bila ya kuulizwa neno wangeiona sheria hii kuwa ni ndoto.

Lakini kiti kisichokaliwa ni ubao tu. Nikuhadithie niliyoyaona mwenyewe. Mimi ni mwalimu, nami nilipata kuchaguliwa na wenzangu kuwa mjumbe wao katika bodi ya shule moja ya bara, ambayo sitaitaja jina. Mwaka wangu wa kwanza wazazi waliitwa kwenye mkutano mkuu saa nane mchana, siku ya kazi. Shule ilikuwa na watoto mamia kwa mamia. Wazazi waliokuja hawakutimia ishirini. Tulikuwa tumekwisha kuanza kuwalaumu kwa uvivu, ndipo bibi mmoja mwenye leso mbili, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akasimama akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Mkutano mwauweka saa ambayo wanetu wako bandarini, na akitoka huko angali na foleni ya kivuko mbele yake. Kisha mwauliza kwa nini haji?"

Tulinyamaza wote. Mwenyekiti akauliza siku gani ingefaa. Ijumaa mchana ina swala, Jumapili asubuhi ina ibada. Tukapatana Jumamosi, saa kumi za jioni. Mkutano uliofuata viti havikutosha, na wanafunzi wakatumwa kuchukua madawati. Siku ile nilijifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha: anayechagua saa ya mkutano amekwisha kuchagua, kwa nusu, watu watakaokata shauri.

Ikawa bahati kwamba walikuja, maana siku ile palikuwa na neno zito. Katika kona ya uwanja wetu wa michezo palikuwa pamechomekwa nguzo za mbao. Mwanzo zilikuwa nne, kisha zikawa saba, na kila likizo zilikuwa zikisogea ndani kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Shule haikuwa na hati ya ardhi yake. Ili uelewe uzito wa jambo hili huna budi kujua kwamba katika pwani yetu ardhi ni donda la zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi apeleke dai lake kwa maofisa kwa muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Watu wengi waliolima hapo tangu babu zao hawakuwa na karatasi, na wengine hata habari hawakuipata. Kutoka hapo wajukuu wao wakawa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Huko Likoni ugomvi wa shamba moja la ekari 930 ulikokotwa miaka mingi, mpaka serikali ikalinunua na kuanza kuwapa wakazi hati mwezi wa Januari 2016. Na shule nazo si salama. Mwezi wa Januari 2015, huko Nairobi, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwatupia moshi wa kutoa machozi.

Basi wazazi wakauliza: mpaka wetu ni upi? Hakuna aliyejua. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, na mwenyekiti pia. Yule bibi akasema kwamba yeye na wenzake waliupima uwanja ule kwa miguu wakati shule inajengwa, na kwamba jambo hilo liliandikwa. Tukafungua ghala, tukatafuta katikati ya madawati mabovu, tukakipata kitabu cha kumbukumbu cha kamati ya kwanza, cha mapema katika miaka ya 1970. Mchwa walikuwa wamekila pembeni, lakini ukurasa tulioutaka ulisomeka. Katibu wa siku zile, kwa mwandiko wa kulala, alikuwa ameandika mpaka wote: kutoka mbuyu mpaka kisima, kutoka kisima mpaka barabara, na hatua zilizohesabiwa. Chini yake palikuwa na majina ya waliohudhuria. Karibu nusu yao hawakutia sahihi. Walikuwa wametia alama za vidole gumba.

Fikiri, msomaji. Watu wasiojua kusoma walikaa katika mkutano wa shule, wakahakikisha kwamba neno linaandikwa, wakalitia alama ya kidole, ili sisi tunaojua kusoma tulikute. Kama wangebaki nyumbani siku ile kwa kudhani kuwa shule ni ya wenye elimu, tungekuwa na nini cha kuonyesha? Nakala ya ukurasa ule ilipelekwa kwa maofisa wa ardhi pamoja na ombi la kupimiwa. Sitakudanganya kwamba mambo yalimalizika papo hapo. Ninapoandika maneno haya hati bado haijatoka, na barua zetu zingali zinaenda na kurudi. Lakini nguzo hazikusogea tena, maana sasa kila Jumamosi ya mkutano wazazi hupita kwanza kuzitazama.

Sasa tulirudie swali letu. Serikali huajiri walimu na kutoa fedha. Mfadhili alitoa jina na pengine kiwanja. Mwalimu mkuu hushika funguo. Hao wote wana haki zao. Lakini historia ya bara hii inaonyesha kwamba shule huwa ya yule anayefika mezani, akasema, akahakikisha kwamba limeandikwa. Watu wa Freretown hawakupewa meza. Wazazi wa zama za ukoloni walipewa ncha yake tu. Sisi tumepewa viti vingi kuliko vya wengine wote, na hatari yetu ni kuviacha vitupu kwa hiari yetu. Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo," nao walisema kweli.

Nawe usijione mdogo. Sheria ile ile ya 2013 inampa nafasi katika bodi mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Kwa hiyo huenda ukaitwa kuketi hapo kabla hujafika umri wa kupiga kura. Hata usipoitwa, yapo mawili uwezayo kuyafanya juma hili. La kwanza, barua ya mkutano ikitumwa nyumbani kupitia kwako, ifikishe; usiiache ikaloa mkobani. Msomee mzazi wako ikiwa hana miwani, umwambie saa na siku. La pili, muulize mwalimu wako kama shule yenu ina kitabu cha kumbukumbu cha zamani, na kama kipo, mwombe akuonyeshe ukurasa wa kwanza. Yumkini ukakuta humo jina la nyanya yako, au alama ya kidole chake.